Kutoka Gramu Moja Hadi Tani: Kazi za Watafiti wa Betri Huko Argonne

Katika shule nyingi za sekondari somo la seli ya umeme huanza na limau. Kipande cha zinki na kipande cha shaba huchomekwa ndani yake, nyaya huunganishwa, na mshale wa voltimita husogea mpaka karibu na volti 1. Mwanafunzi huridhika kwamba umeme umepatikana. Lakini akijaribu kuwasha balbu ya tochi kwa limau hilo ataona kwamba haiwaki, kwa maana volti peke yake haitoshi kufanya kazi. Maswali yanayofuata ni magumu zaidi: seli inaweza kutoa umeme kiasi gani, kwa muda gani, na yaweza kujazwa upya mara ngapi kabla ya kufa? Ugumu wa maswali hayo ndio uliozaa vituo vya utafiti ambavyo kazi yake ni kuchukua kitu kilichovumbuliwa katika chupa ya maabara na kukifikisha mahali ambapo kiwanda kinaweza kukitengeneza bila kubahatisha.

Kimojawapo kiko katika Maabara ya Taifa ya Argonne, takriban kilomita 40 kusini-magharibi ya jiji la Chicago, Marekani. Maabara hiyo ilianzishwa tarehe 1 Julai, 1946, ikirithi kazi za watu waliokuwa pamoja na Enrico Fermi alipowasha kinu cha kwanza cha nyuklia huko Chicago mwaka 1942. Wanakemia wake walikuwa wamezoea kushughulika na metali na chumvi zilizoyeyuka. Basi walipogeukia betri, katika miaka ya 1960, walianza na kitu walichokifahamu: seli ya lithiamu iliyofanya kazi ndani ya chumvi iliyoyeyuka, katika joto la nyuzi 400 na zaidi za Sentigredi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, kazi hiyo ilipewa uzito mkubwa, kwani ilitumainiwa kwamba magari yangeweza kuendeshwa kwa umeme. Mwaka 1976 ilianzishwa hapo pia maabara maalumu ya kupima betri zilizotengenezwa na wengine, ili madai ya kila mtengenezaji yapimwe kwa mizani moja. Kazi ya kupima haina sifa nyingi magazetini, lakini bila ya hiyo hakuna mtu ambaye angejua nani anasema kweli.

Pretoria, Oxford na fuwele ya manganizi

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 utafiti uliofanana na ule wa Argonne ulikuwa ukiendelea barani Afrika. Katika Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Afrika Kusini, mjini Pretoria, Johan Coetzer na wenzake walitengeneza betri ya sodiamu na kloridi ya metali, inayofanya kazi katika joto la karibu nyuzi 300, ambayo iliitwa ZEBRA. Mmoja wa vijana waliofanya kazi hapo alikuwa Michael Thackeray. Yeye aliona kwamba lithiamu inaweza kuingia ndani ya oksidi ya chuma iitwayo magnetaiti, ile ile ya sumaku ya asili, bila kuivunja fuwele yake. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha matarajio. Magnetaiti ni ya jamii ya fuwele ziitwazo spineli, ambazo ni ngumu na zilizoshikamana sana, na haikudhaniwa kwamba zina nafasi ya kumpokea mgeni.

Mwaka 1981 Thackeray alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kufanya kazi na John Goodenough. Mwaka mmoja kabla ya hapo Goodenough na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuwa ncha chanya ya betri yenye volti 4. Sasa iliulizwa kama chuma kikibadilishwa kwa manganizi katika spineli, lithiamu itaingia na kutoka. Jibu, lililochapishwa mwaka 1983, lilikuwa ndiyo.

Yafaa kueleza hapa jinsi betri hizi zinavyofanya kazi. Ncha hasi huwa ni kinywe, yaani kaboni iliyopangika katika tabaka. Ncha chanya huwa ni oksidi ya metali. Kati yao kuna kimiminika chenye chumvi ya lithiamu, na kitambaa chembamba cha plastiki chenye vitundu, kinachozuia ncha hizo zisigusane. Betri inapojazwa umeme, ioni za lithiamu hutoka katika oksidi, hupita katika kimiminika, na kujipenyeza katikati ya tabaka za kinywe. Inapotumika, hurudi zilikotoka, na elektroni hupita nje katika waya zikifanya kazi tuitakayo. Hakuna metali inayoyeyuka na kujijenga upya kama ilivyo katika seli nyingine. Ioni huhama tu, kama wasafiri kati ya nyumba mbili za wageni. Hoja yote, basi, ni ubora wa nyumba. Ikiwa nyumba inabomoka kila wageni wanapotoka, betri haitadumu.

Oksidi ya kobalti ni nyumba ya ghorofa: ioni husafiri kati ya sakafu na dari tu. Spineli ya manganizi ina njia zinazopita pande zote tatu, kwa hiyo ioni huingia na kutoka kwa haraka. Tena manganizi ni nyingi duniani na rahisi kuliko kobalti. Kasoro yake hujitokeza penye joto. Katika spineli hiyo kuna ioni za manganizi zenye chaji tatu chanya, ambazo mbili zikikutana huweza kugawana hivi:

2Mn³⁺ → Mn⁴⁺ + Mn²⁺

Ioni yenye chaji mbili huyeyuka katika kimiminika, hasa ikiwa kimeingiliwa na unyevu kidogo na kutoa asidi. Huhamia upande wa pili na kuharibu utando unaolinda kinywe. Betri iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 25 huishi vizuri. Ikiachwa juani penye nyuzi 55, hudhoofika upesi. Kwa nchi za joto kasoro hii si ndogo.

Hesabu ya darasani

Mwalimu wa kemia anaweza kuonyesha kwa chaki tu kwa nini uchaguzi wa oksidi una maana. Moli moja ya elektroni hubeba kulombu 96,485. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo kiasi hicho ni sawa na ampea-saa 26.8. Moli moja ya LiCoO₂ ina uzito wa gramu 97.9. Kama lithiamu yote ingetolewa, kila gramu ingetoa miliampea-saa 274. Lakini ikitolewa zaidi ya nusu hivi, ghorofa huanza kuporomoka; ndiyo maana betri za awali za aina hii zilitumia karibu miliampea-saa 140 kwa gramu. Spineli, LiMn₂O₄, ina uzito wa gramu 180.8 kwa moli, na upeo wake ni 148. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta uzito wa moli ili afaulu mtihani ataona kwamba hesabu hiyo ndiyo inayoamua gari litakwenda mbali kiasi gani.

Thackeray alihamia Argonne mwaka 1994. Huko yeye na wenzake, akiwemo Christopher Johnson na Khalil Amine, walichanganya fuwele mbili za tabaka katika chembe moja: moja inayotoa lithiamu kwa urahisi, yenye manganizi, nikeli na kobalti, na nyingine, Li₂MnO₃, ambayo hufanya kazi kama nguzo za kuizuia ya kwanza isiporomoke. Kwa njia hii iliwezekana kutoa zaidi ya miliampea-saa 250 kwa gramu. Hataza zilitolewa Januari 2004, na mwaka 2011 kampuni za General Motors na LG Chem zilipata leseni ya kutumia ujuzi huo.

Ingekuwa vyema kama habari ingeishia hapo. Oksidi hizo zilipojazwa na kutumiwa mara nyingi, kiasi cha umeme hakikupungua sana, lakini volti yake ilishuka kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Kwa mtengenezaji wa gari hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu nishati ni zao la chaji na volti, na tena chombo kinachokadiria umeme uliobaki hutegemea volti. Dosari hii haionekani katika mizunguko 10 ya kwanza, ambayo ndiyo ripoti nyingi za maabara huishia. Katika miaka ya 2010 kundi zima la watafiti wa Argonne na maabara nyingine lilipewa kazi ya kutafuta chanzo chake. Walikuta kwamba baadhi ya atomi za metali huacha nafasi zao na kuhamia katika tabaka za lithiamu, na kwamba hazirudi zote. Polepole fuwele ya tabaka hugeuka kuwa kitu kinachofanana na spineli. Nguzo zenyewe ndizo zilizohama. Tiba kamili haikupatikana, na oksidi zilizoingia kwa wingi katika magari zilikuwa zile zenye lithiamu pungufu zaidi, ambazo hutoa kidogo lakini hutulia.

Ugumu wa kuongeza kiasi

Mtu aliyepika wali wa watu wanne na siku nyingine akalazimika kupika wa watu mia nne anajua kwamba haitoshi kuzidisha kila kitu kwa mia. Chini huungua na juu hubaki mbichi. Hali ni hiyo hiyo katika oksidi za betri, na Argonne ina jengo zima, lililoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa ajili ya kazi hiyo tu: kuchukua kitu kinachotengenezwa kwa gramu na kutafuta njia ya kukitengeneza kwa kilo, kikiwa na sifa zile zile.

Kazi huanza na salfeti za nikeli, manganizi na kobalti zilizoyeyushwa katika maji. Mmumunyo huo huingizwa polepole katika pipa linalokorogwa, pamoja na hidroksidi ya sodiamu na amonia, katika pH ya karibu 11. Metali zote tatu hushuka pamoja kama mashapo. Ikiwa M ni mchanganyiko wa metali hizo:

M²⁺ + 2OH⁻ → M(OH)₂

Amonia huzishikilia ioni kwa muda ili zisishuke kwa pupa. Ndipo chembe hukua taratibu, mviringo na nzito, zenye kipenyo cha mikromita 10 hivi. Juu ya pipa hupitishwa gesi ya naitrojeni, kwa maana hidroksidi ya manganizi ikiguswa na hewa hugeuka kahawia na kazi imeharibika. Mashapo huoshwa, hukaushwa, huchanganywa na kaboneti ya lithiamu na kuokwa katika tanuri la nyuzi 700 hadi 900 na zaidi:

4M(OH)₂ + 2Li₂CO₃ + O₂ → 4LiMO₂ + 4H₂O + 2CO₂

Katika bilauri ndogo koroga moja huchanganya kila kitu. Katika pipa kubwa, mahali hidroksidi inapoingilia huwa na pH ya juu kuliko upande wa pili, na hapo huzaliwa vumbi laini badala ya chembe nzuri. Katika tanuri shida ni nyingine. Chombo kikikuzwa mara 10 kila upande, eneo la juu huongezeka mara 100, lakini ujazo huongezeka mara 1,000. Kwa hiyo mvuke na kaboni dioksidi vya katikati hukosa njia ya kutokea, na oksijeni hukosa njia ya kuingilia. Unga wa juu ukiwa umeiva, ule wa chini huwa bado. Watafiti hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mara mwendo wa koroga, mara joto, mara kina cha unga, na kuandika kila kitu. Ni kazi ya subira, na mara nyingi matokeo yake ni kuthibitisha kwamba njia iliyosifiwa haifai kiwandani. Jibu hilo nalo huokoa fedha nyingi.

Unga ukipatikana bado si betri. Huchanganywa na kaboni nyeusi na gundi ya plastiki mpaka uwe rojo, hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini, hukaushwa, kisha hupitishwa kati ya rola nzito ili ushikamane. Kinywe hupakwa vivyo hivyo juu ya karatasi ya shaba. Seli hukusanywa katika chumba cha hewa kavu mno, ambamo umande usingetokea hata joto likishuka kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika chumba kama hicho chanzo kikubwa cha unyevu ni pumzi na jasho la wafanyakazi wenyewe, hivyo idadi yao huwekewa mipaka. Ukali huu una sababu: chumvi ya lithiamu inayotumika, LiPF₆, ikikutana na maji hutoa hidrojeni floridi, ambayo hula oksidi na ni sumu kali kwa binadamu.

Kisha hufuata kungoja. Seli inayojazwa na kutumiwa mara mbili kwa siku itachukua siku 500 kumaliza mizunguko 1,000, na hapana njia ya mkato ya kuaminika kabisa. Zinapokufa, seli hufunguliwa ndani ya kasha lililojaa gesi ya agoni, fundi akiingiza mikono katika glavu ndefu za mpira zilizounganishwa na ukuta wa kasha. Hapo ndipo manganizi iliyotoroka hukutwa imeganda juu ya kinywe. Nyingine huchunguzwa zikiwa hai. Argonne ina mtambo wa duara wenye mzingo wa kilomita 1.1, uliotoa miali yake ya kwanza ya eksirei mwaka 1995, ukafungwa mwaka 2023 kwa ajili ya kufanyiwa marekebisho makubwa na kuwashwa tena mwaka 2024. Miali yake hupenya seli inayofanya kazi na kuonyesha atomi zikiwa katika kuhama.

Kobalti ya Kolwezi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya machimboni. Pamoja na migodi mikubwa, wako wachimbaji wadogo wanaoteremka kwa kamba na sururu katika mashimo yasiyo na nguzo. Wengi wamefukiwa, na watoto wameonekana wakiosha na kubeba mawe. Kupunguza kobalti katika betri ni moja ya malengo ya Argonne, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya hali hiyo.

Hesabu inaonyesha hatua zilizopigwa. Katika kilo moja ya LiCoO₂ mna gramu 602 za kobalti. Katika oksidi yenye nikeli, manganizi na kobalti kwa mafungu yaliyo sawa, gramu 204. Katika ile yenye sehemu 8 za nikeli kwa 1 ya manganizi na 1 ya kobalti, gramu 61 tu. Lakini nikeli nayo hutoza gharama yake: kadiri inavyozidi, ndivyo oksidi iliyojaa umeme inavyoachia oksijeni katika joto la chini zaidi, na oksijeni hiyo ikikutana na kimiminika kinachoweza kuwaka, moto wake ni mgumu kuzima. Kila gramu ya kobalti iliyoondolewa imelazimu gramu ya uangalifu iongezwe mahali pengine.

Njia nyingine ni kutotupa kilichokwisha chimbwa. Tangu mwaka 2019 Argonne imeongoza kituo cha utafiti kiitwacho ReCell. Desturi ya viwanda ni kuyeyusha betri chakavu kwa moto au asidi ili kupata metali zake, kisha kuanza upya. Watafiti wa ReCell hujaribu jambo la busara zaidi: kuiacha fuwele ilivyo, kwa kuwa kuijenga ndiko kulikogharimu, na kuirudishia lithiamu iliyopungua. Ugumu ni kutenganisha unga huo na gundi, alumini na shaba bila kuuharibu, na kuchambua betri za aina mbalimbali zinazofika zikiwa zimechanganyika. Na Novemba 2024 Argonne ilitajwa kuongoza ushirika wa maabara na vyuo vikuu, uliopangiwa dola milioni 50 kwa miaka mitano, wa kutengeneza betri za sodiamu, isiyohitaji lithiamu wala, ikiwezekana, kobalti.

Si kila lililotangazwa lilifikiwa. Mwaka 2012 ushirika mwingine ulioongozwa na Argonne ulijiwekea shabaha ya betri yenye nishati mara tano, kwa moja ya tano ya gharama, katika miaka mitano. Elimu nyingi ilipatikana, betri hiyo haikupatikana.

Kwa upande wa Afrika, mwaka 2022 kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, baada ya Kongo na Zambia kukubaliana kushirikiana katika shughuli hiyo. Kitu kinachotazamiwa kwanza huko si betri nzima bali yale mashapo ya hidroksidi yaliyoelezwa hapo juu, ambayo kobalti yake inapatikana karibu. Nikeli na kinywe viko Tanzania, Kabanga na Mahenge. Manganizi inachimbwa Afrika Kusini kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Pipa la kukorogea, amonia na naitrojeni si vitu vya ajabu. Wanaohitajika ni wanakemia wa kusimama kando ya pipa hilo, usiku na mchana, wakisoma pH.